Kujenga kompyuta ya mezani kwa pesa kidogo hapa Pwani: shilingi yako iende wapi kwanza

Jioni moja mama jirani yangu hapa Kisauni alinijia amekumbatia kasha la kompyuta, kalifunika kanga lisiingie vumbi. Zamu yake ya chama ilikuwa imefika, naye akatoa shilingi 38,000 kumnunulia kijana wake mashine ya kufanyia kazi ya mtandaoni, ile ya kusikiliza sauti zilizorekodiwa na kuziandika. Kasha lilikuwa jipya, upande mmoja kioo, taa nyekundu na za buluu ndani kama ukumbi wa harusi. Muuzaji alikuwa amemwambia, "Hii ni i7, mama, hakuna kubwa yake." Ilifanya kazi wiki tano. Usiku mmoja stima ikapepesa mara mbili, asubuhi haikuwaka.

Nilipoifungua nilikuta muuzaji hakudanganya kwa jina. Ilikuwa i7 kweli: i7-2600, prosesa iliyoingia sokoni mwaka 2011. Chini yake diski ya zamani ya kuzunguka, na juu pawasaplai nyepesi kama kopo la maziwa, isiyo na jina la kiwanda. Kilichokuwa kipya ni kasha na taa.

Nimetengeneza kompyuta katika mji huu miaka mingi, na kisa hiki nakiona kila baada ya miezi michache, kwa sura tofauti. Kwa hivyo makala haya ni kwa yeyote anayetaka mashine ya mezani kwa pesa kidogo, awe anainunua ikiwa imeshaungwa au anataka kuiunga mwenyewe kipande kwa kipande. Nitaanza na prosesa kwa sababu ndipo watu wanapodanganywa, kisha nitakaa sana kwenye stima na chumvi, kwa sababu hayo ndiyo mambo ambayo mafunzo ya video kutoka Marekani na Ulaya hayakwambii. Wao hawaishi karibu na Bahari Hindi.

Nambari baada ya kistari

Prosesa za Intel za i3, i5 na i7 zina nambari inayofuata jina. Nambari hiyo ndiyo inayokwambia umri. Ikiwa ina tarakimu nne, ya kwanza ni kizazi: i5-4570 ni kizazi cha 4, i5-6500 ni cha 6, i5-8500 ni cha 8. Ikiwa ina tarakimu tano, mbili za mwanzo ndizo kizazi, kwa hivyo i3-12100 ni kizazi cha 12. Mtu akikwambia "ni i7" bila kukwambia nambari, ni sawa na kukwambia anauza Toyota bila kutaja mwaka.

Na umri una uzito kuliko herufi. Ile i7-2600 ya jirani yangu ilikuwa ya bei ya juu siku zake, lakini i3-8100 ya kizazi cha 8, ambayo ni ya chini kabisa katika familia yake, huipita katika kazi nyingi za kila siku. Tena i7 ile imepangiwa wati 95 na i3 hiyo wati 65, na tokeni unanunua wewe. Usimwulize muuzaji. Iwashe mashine, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika dxdiag, kisha bonyeza kitufe cha kuingiza. Jina kamili la prosesa na kiasi cha RAM vitatokea hapo hapo. Akikataa uguse kibodi, nenda duka la pili.

Kwa nini nataja kizazi cha 8 kila mara? Kwa sababu ndipo Microsoft walipochora mstari. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Waliojiandikisha kwa masasisho ya usalama ya nyongeza wamepewa hadi Oktoba 2026. Windows 11 inataka prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8, au AMD Ryzen kuanzia zile za mfululizo wa 2000, pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Ofisi nyingi ng'ambo zimekuwa zikitoa mashine za kizazi cha 6 na cha 7 kwa sababu hiyo, nasi tunaziona zimepangwa madukani kwa bei ya kuvutia. Sisemi usinunue. Kwa mwanafunzi wa kuandika insha na kusoma mtandaoni, i5-6500 yenye Linux Mint, ambayo ni ya bure, bado ni mashine nzuri sana. Lakini ukiinunua, jua kwamba unanunua mashine ya Linux, na bei yake ishuke ifanane na hilo. Wako mafundi watakaokuwekea Windows 11 kwa ujanja kwenye mashine ya zamani. Itawaka. Ila Microsoft haiahidi kwamba masasisho yataendelea kuingia, na mtu anayefanyia kazi za malipo kwenye mashine hiyo anajitafutia kuamka siku moja na kazi ya mteja imekwama.

Kuunga upya, au kuanza na mwili wa ofisi?

Hapa nina maoni yangu na siyafichi. Kwa mtu mwenye shilingi 40,000 au chini, ikijumuisha skrini, sioni haja ya kuunga kompyuta kuanzia sifuri. Chukua mwili wa mashine ya ofisi iliyotumika, ile tunayoiita Ex-UK, kisha uchague vipande vya kuongeza. Dell OptiPlex 3060 au 7060, HP ProDesk 600 G4 au EliteDesk 800 G4, Lenovo ThinkCentre M720: zote hizo zilikuja na prosesa za kizazi cha 8. Zilitengenezwa ziwake saa nane kila siku ofisini, hazina mapambo, na ndani utakuta madabodi na pawasaplai ambazo kiwanda kilizipima pamoja. Madabodi, kwa asiyejua, ni ule ubao mkubwa unaobeba kila kitu.

Sababu ya pili ni RAM. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda duniani kote, kwa kuwa viwanda vinaelekeza uzalishaji kwenye vituo vikubwa vya akili unde. Mashine ya ofisi inayokuja na GB 8 au 16 ndani yake imebeba kitu ambacho ukikinunua peke yake dukani leo kitakuumiza.

Lakini mwili wa ofisi una minyororo yake, nawe uijue kabla ya kulipa. Pawasaplai za Dell na HP hizi mara nyingi si za kipimo cha kawaida. Plagi inayoingia kwenye madabodi ni ya kwao wenyewe. Ikiungua, huwezi kwenda kwa muuzaji yeyote ukachukua nyingine ikaingia. Itabidi utafute ya aina ile ile iliyotumika, au waya wa kubadilisha plagi. Pili, zipo za kasha refu na zipo za kasha jembamba. Jembamba linapendeza mezani, ila kadi ya picha ya urefu wa kawaida haiingii humo, inataka ile fupi. Kama kijana wako anaota kucheza gemu au kuhariri video siku za mbele, mchukulie kasha refu hata kama ni baya kwa sura. Na zile ndogo kabisa za kukaa kiganjani ni nzuri kwa kaunta ya duka au saiba yenye nafasi finyu, lakini karibu hakuna cha kuongeza ndani yake.

Ukiamua kuunga mwenyewe, basi uwe na pesa ya kutosha na sababu ya kutosha: kuhariri video za harusi, michoro ya ujenzi, gemu. Njia ambayo bado ninaipendekeza kwa mfuko mdogo ni soketi ya AMD iitwayo AM4. Ni ya zamani, ilianza kuenea mwaka 2017, na ndiyo maana vipande vyake ni vingi na vinatumia RAM ya DDR4. Ryzen 5 5600G ina viini 6 na ina uwezo wa picha ndani yake, kwa hivyo unaweza kuanza bila kadi ya picha na kuiongeza mwakani. Angalia ile herufi G. Ryzen 5 5600 isiyo na G haina picha ndani. Ukiiunga bila kadi, skrini itabaki nyeusi na wewe utadhani umeharibu kitu. Intel nao wana mtego kama huo: prosesa yenye F mwishoni, kama i3-12100F, haitoi picha. Huuzwa rahisi kidogo kwa sababu hiyo, na muuzaji hana mazoea ya kukukumbusha.

Mtego mwingine ni wa madabodi. Soketi kufanana si kuelewana. Prosesa za Intel za kizazi cha 6 hadi cha 9 zote hukaa kwenye soketi iliyoitwa 1151, lakini kizazi cha 8 hakifanyi kazi kwenye ubao wa kizazi cha 6. Kwa AMD, ubao wa A320 au B450 uliokaa rafuni muda mrefu unaweza kukataa Ryzen ya 5000 mpaka programu yake ya ndani, ile BIOS, isasishwe. Mwambie muuzaji awashe vyote pamoja mbele yako. Ukinunua prosesa duka hili na ubao duka lile ili uokoe mia tano, hakuna atakayekubali lawama vikikataana.

RAM na diski, kwa ufupi

RAM ya GB 8 ndiyo chini yangu siku hizi, na 16 ndiyo ninayoiita starehe. DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani. Kila moja ina pengo lake mahali tofauti, na ukilazimisha utavunja. Vipande viwili vya GB 8 ni bora kuliko kimoja cha 16, hasa kwenye mashine isiyo na kadi ya picha, kwa kuwa prosesa hupata njia mbili za kuchota badala ya moja.

Diski haina mjadala: programu zikae kwenye SSD. Diski ya kuzunguka inasoma kati ya megabaiti 100 na 200 kwa sekunde, SSD ya kawaida ya SATA hufika 550 hivi, na zile nyembamba za NVMe hupita elfu mbili. Hata hivyo usihangaike na tofauti ya SATA na NVMe. Ruko kubwa ni kutoka diski ya kuzunguka kwenda SSD yoyote ya kweli. Nimeshaona watu wakitaka kutupa kompyuta za kizazi cha 4, nikawawekea SSD ya GB 240, wakaniuliza kama nimebadilisha mashine. Ile diski ya kuzunguka usiitupe, iache ndani iwe ghala la picha na video.

Nimesema SSD ya kweli kwa sababu bandia zipo. Ukiona SSD ya terabaiti 2 kwa bei ya chakula cha mchana, hiyo ni kadi ndogo ya simu iliyofichwa ndani ya plastiki na kupangwa idanganye ukubwa wake. Programu ya bure ya H2testw huijaza yote na kuisoma tena, na uongo hutoka wenyewe. Kwa diski iliyotumika, CrystalDiskInfo itakuonyesha imefanya kazi saa ngapi na kama ina vidonda.

Stima: mahali ambapo pesa hupotea

Sasa tufike kwenye kilichoua mashine ya jirani yangu.

Pawasaplai ndiyo kipande ambacho hakuna anayekiringia. Hakiongezi kasi, hakionekani, na ndicho kinachoshika mkono wa vipande vyote vingine. Umeme wetu ni volti 240 kwa jina. Kwa uhalisia, mtaa wenye mashine za kuchomelea na friji za samaki, volti hushuka na kupanda siku nzima, na stima inaporudi baada ya kukatika hurudi kwa kishindo. Pawasaplai nzuri hukimeza kishindo hicho au hufa yenyewe bila kuvuta wenzake. Ile ya bure inayokuja na kasha la taa hufa na madabodi.

Utaijuaje? Usisome wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa. Soma jedwali dogo pembeni, mstari wa volti 12, uone ampea ngapi. Zidisha. Ile niliyoitoa kwa jirani yangu iliandikwa wati 500, lakini mstari wa volti 12 ulisema ampea 16. Kumi na mbili mara 16 ni 192. Na kwenye kompyuta za sasa karibu kila kitu kizito, prosesa na kadi ya picha, hula kwenye mstari huo wa 12. Pawasaplai ya kweli ya wati 450 itaonyesha ampea 35 au zaidi hapo. Tafuta majina yanayojulikana kama Corsair, Seasonic au Cooler Master, na alama ya 80 Plus, maana yake haipotezi umeme mwingi kuwa joto. Halafu ipime kwa mkono. Nyepesi sana, irudishe.

Kama mashine imetoka Marekani au pawasaplai ni ya zamani, tazama nyuma kuna swichi ndogo nyekundu yenye 115 na 230. Ikae 230. Nimeshaitwa nyumba moja Mtwapa ambako mtoto aliichezea kwa kucha. Ulisikika mlio mmoja tu.

Baada ya pawasaplai, UPS. Najua wengi huiona anasa. Nakuomba uihesabu ndani ya bei ya kompyuta tangu siku ya kwanza, kabla ya kuchagua skrini kubwa. UPS ya VA 650 inatosha mashine ya ofisi na skrini yake, na haikupi saa nzima ya kufanya kazi. Inakupa dakika za kuhifadhi na kuzima kwa heshima. Kwa mtu anayelipwa kwa kazi anayowasilisha kabla ya saa fulani, dakika hizo ndizo mshahara. Chagua yenye kurekebisha volti ndani yake, ile iliyoandikwa AVR, maana hapa kwetu kuyumba kwa stima ni kwingi kuliko kukatika. Usichomeke pasi wala printa ya leza kwenye UPS. Na ujue betri yake haipendi joto: kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wake karibu nusu, na Machi ya Mombasa unaijua. Iweke chini penye hewa, si nyuma ya kochi, na utenge pesa ya betri mpya baada ya miaka miwili mitatu.

Jambo moja ambalo huwa linapuuzwa: waya wa athi. Nyumba nyingi za kupanga zina soketi yenye matundu matatu lakini la athi halijaunganishwa popote. Ukigusa chuma cha kasha ukahisi linakutekenya vidole, hiyo si baraka. Mwite fundi wa stima kabla hujamwita fundi wa kompyuta.

Chumvi

Upepo wa kusi ukianza kuvuma, meza yangu hujaa. Chumvi ya baharini hukaa kwenye kila kitu kama unga usioonekana, na unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, chumvi hiyo huanza kunywa maji kutoka hewani na kuwa majimaji membamba. Majimaji ya chumvi hupitisha umeme. Ndani ya kompyuta maana yake ni meno ya RAM yaliyoshika kijani, lehemu iliyoliwa, na mashine inayowaka leo na kesho inagoma bila sababu.

Nusu ya kompyuta "zilizokufa" ninazoletewa kutoka Nyali, Bamburi na Likoni hazijafa. Natoa RAM, nasugua meno yake ya dhahabu kwa raba ya mwanafunzi, napangusa, narudisha, inawaka. Jaribu mwenyewe kabla ya kulipa mtu, ila chomoa waya wa stima kwanza na ushike chuma cha kasha uondoe umeme wa mwilini.

Kwa kuchagua vipande, chumvi inakwambia mambo mawili. La kwanza, kasha lenye matundu mengi na feni sita ni la nchi kavu. Hapa kila feni ni mdomo wa kuvuta chumvi. Feni mbili zenye vichujio vya kutoa na kuosha zinatosha mashine ya wati mia moja hivi. La pili, unaponunua mashine iliyotumika, fungua ubavu wake na utazame kwa tochi ya simu. Iliyokaa ofisini Uingereza huwa na vumbi la kijivu tu. Iliyokaa mwaka mmoja hapa baharini ikarudishwa dukani itakuwa na kutu kwenye skrubu na kwenye bati la matundu ya nyuma. Hiyo ya pili bei yake ishuke sana, au iache.

Ukishaipata, usiiweke dirishani panapotazama bahari, wala sakafuni panapopita maji ya kudeki. Iwashe kila siku hata kwa saa moja. Mashine yenye vuguvugu hukaa kavu kuliko iliyofungiwa chumbani miezi mitatu mwenyewe akiwa safarini. Mara mbili kwa mwaka ifungue, upanguse kwa brashi laini ya rangi.

Kadi ya picha, kwa wanaoihitaji

Wengi hawaihitaji. Kuandika, hesabu, masomo, mikutano ya video, filamu, hata kuhariri picha kwa kiasi, uwezo wa picha ulio ndani ya prosesa unatosha. Ukiihitaji kwenye mwili wa ofisi, tafuta isiyotaka waya wake wa umeme, yaani inayokula si zaidi ya wati 75 kutoka kwenye sloti yenyewe. GT 1030 hula 30 hivi, ila iko ya GDDR5 na iko ya DDR4, na hii ya pili ni dhaifu sana ingawa jina ni lile lile. Zipo GTX 1650 zisizo na tundu la waya pia. Jihadhari na kadi za bei ya ajabu mtandaoni zilizoandikwa GTX 1050 Ti ambazo kwa ndani ni chipu za zamani zilizobadilishwa jina. Programu ya GPU-Z huzifichua.

Siku ya kununua

Gawa pesa yako kabla hujatoka nyumbani. Kwa mfano wetu wa 40,000, nisingeruhusu mwili wa mashine upite 24,000. Kilichobaki ni cha skrini, SSD kama haina, na UPS. Skrini ya mtumba ya inchi 22 haina aibu, mradi uiwashe kwanza na kutazama rangi nyeupe na nyeusi uone kama ina madoa. Uliza maduka matatu. Bei za Mombasa hupanda na kushuka na dola, na hata barabara hiyo hiyo hutofautiana.

Wengine huagiza Luthuli Avenue Nairobi kwa sababu ni rahisi kidogo, na mzigo unashuka kwa basi asubuhi. Sina ubaya nayo, lakini piga hesabu ya kurudisha ikiharibika, na ya ubao uliotikisika kilomita karibu 500. Mwambie muuzaji akutumie video mashine ikiwaka na dxdiag ikionekana, nambari ya siri ya kasha ikisomeka, kabla hujamtumia pesa kwa M-Pesa.

Dai risiti yenye jina la mashine, nambari yake, na muda wa dhamana kwa maandishi. Ile mihuri ya "bidhaa ikiuzwa hairudi" isikutishe. Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012 inasema bidhaa lazima iwe ya ubora unaokubalika, na mwandiko wa kwenye risiti haufuti haki hiyo. Jirani yangu hakuwa na risiti, alikuwa na ujumbe wa M-Pesa tu wenye jina la mtu asiyeshika simu tena.

Tuliokoa tulichoweza. Skrini, kibodi na kipanya vilikuwa vizima. Diski ya kuzunguka ilipona, imekuwa ghala. RAM ilikuwa DDR3, haikuingia popote. Tukapata OptiPlex ya i5-8500 yenye GB 8, tukaitia SSD, na kwa miezi miwili kijana akalipa deni la UPS kwa kazi yake mwenyewe. Lile kasha la kioo liko uvunguni mwa kitanda. Mama hataki litupwe. Anasema ndilo lililomgharimu.